Jack Kirby: mtoto wa mtaa wa maskini aliyewachora mashujaa wanaogombana na kupatana

Msikilizaji, kama umewahi kukaa kwenye kibanda cha video jioni na kutazama filamu ya Avengers, X-Men au Black Panther, huku DJ akiitafsiri kwa Kiswahili na watoto wakipiga makofi, basi umeona matunda ya kazi ya mtu anayeitwa Jack Kirby. Pengine jina hili ni geni kwako. Hata kwao Marekani, watu wengi waliowapenda mashujaa hao hawakulijua kwa miaka mingi. Kwa nini? Hilo ndilo tunalolieleza katika makala haya.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Kitabu cha katuni ni jarida jembamba ambalo hadithi yake husimuliwa kwa picha zilizopangwa ndani ya visanduku, na maneno ya wahusika huandikwa juu ya vichwa vyao. Mashujaa wote tuliowataja walizaliwa kwenye majarida ya namna hiyo, yaliyouzwa kwa senti chache, miaka mingi kabla ya kufika kwenye sinema. Na wengi wao walichorwa kwa mara ya kwanza na mkono wa mtu mmoja, aliyefupi wa kimo na mpole wa maneno, aliyefanya kazi usiku chini ya nyumba yake.

Mtaa uliomlea

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Jacob Kurtzberg. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 katika jiji la New York, kwenye eneo linaloitwa Lower East Side. Wazazi wake, Benjamin na Rose, walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka himaya ya Austria. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Familia ilipanga nyumba ndogo kwenye jengo lililojaa wahamiaji kama wao, na mshahara wa baba ulitosha chakula na kodi, siku nyingine hata hivyo havikutosha.

Huko mtaani, vijana wa kila barabara walijiunga kwa makundi. Kundi la mtaa huu lilipigana na kundi la mtaa ule, kwa ngumi, mawe na mifuniko ya mapipa. Jacob alikuwa mmoja wao, akilinda wenzake na wao wakimlinda. Kijana asiye na kundi alipigwa na kila mtu. Mwenye kundi alipigwa pia, lakini kulikuwa na mtu wa kumwinua. Kumbuka jambo hili, maana litarudi.

Uzeeni alisimulia kwamba siku moja ya mvua, akiwa mtoto, aliona jarida linaelea kwenye mfereji wa maji machafu. Jalada lake lilikuwa na picha ya roketi ikipaa. Aliliokota, akalificha chini ya nguo na kwenda kulisoma kwa siri, kwa kuwa katika mtaa ule kijana anayesoma hadithi za namna hiyo angechekwa. Tangu siku ile alitaka kujua kuna nini ng'ambo ya nyota, na alitaka kukichora.

Hakuwa na mwalimu. Alijaribu kuingia chuo cha sanaa kinachoitwa Pratt, lakini aliondoka baada ya muda mfupi sana. Alijifunza mwenyewe kwa kunakili michoro ya magazetini. Miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka na kazi kuadimika, alipata kibarua kwenye studio ya katuni za sinema. Kazi yake ilikuwa kuchora hatua ndogondogo kati ya mwendo mmoja na mwingine, siku nzima, akiwa amekaa kwenye mstari mrefu wa meza. Ilimkumbusha kiwanda alichofanyia kazi baba yake, akaacha. Alianza kuchora katuni za magazeti, kisha za majarida. Alitumia majina mengi ya bandia, na mwisho akabaki na Jack Kirby.

Ngumi kwa Hitler

Katika ofisi moja ya wachapishaji alikutana na kijana mwingine, Joe Simon. Simon alijua biashara na alikuwa na mawazo mengi, Kirby alichora haraka kuliko mtu yeyote aliyemfahamu. Wakawa washirika. Mwishoni mwa mwaka 1940 walitoa jarida la shujaa mpya, Captain America, kwa mchapishaji aliyeitwa Martin Goodman. Kwenye jalada la kwanza, shujaa huyo amevaa rangi za bendera ya Marekani na anampiga Adolf Hitler ngumi ya taya.

Leo picha hiyo inaonekana ya kawaida. Wakati ule haikuwa. Marekani ilikuwa bado haijaingia kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ingechukua karibu mwaka mzima kabla ya kuingia. Wamarekani wengi walitaka nchi yao ikae mbali na vita hivyo, na wachache walimshabikia Hitler waziwazi. Kwa vijana wawili wa Kiyahudi, ambao ndugu wa jamii yao walikuwa wanateswa Ulaya, kuchora picha ile kulikuwa kuchagua upande hadharani. Jarida liliuzwa karibu nakala milioni moja. Barua za vitisho nazo zikaja, na inasimuliwa kwamba meya wa New York aliagiza polisi wailinde ofisi yao.

Simon na Kirby waliahidiwa sehemu ya faida. Walipogundua kwamba hawapati walichoahidiwa, walihamia kampuni shindani, ile ambayo sasa inajulikana kama DC. Huko walibuni jarida la Boy Commandos, kundi la watoto kutoka nchi mbalimbali wanaopigana vita pamoja. Likawa miongoni mwa majarida yaliyouzwa sana wakati huo. Hapa ndipo Kirby alipoanza kuonyesha kipaji chake cha pekee: kuchora watu wengi ndani ya hadithi moja, kila mmoja na sura yake, hasira zake na utani wake.

Vita vya kweli

Mwezi Mei 1942 Kirby alimwoa Rosalind Goldstein, ambaye kila mtu alimwita Roz. Mwaka uliofuata aliitwa jeshini. Mwezi Agosti 1944 alishuka kwenye ufukwe wa Normandy, Ufaransa, wiki kadhaa baada ya uvamizi mkubwa wa majeshi ya washirika, akiwa askari wa kawaida wa miguu.

Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alipogundua kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, hakumpa kazi rahisi ya ofisini. Alimpa kazi ya kutangulia mbele ya wenzake, kuingia maeneo ya adui na kurudi na ramani alizochora kwa mkono. Kipaji chake kikawa sababu ya kuwekwa mahali pa hatari zaidi.

Majira ya baridi yalipofika, miguu yake iliganda kwa barafu, ikavimba na kubadilika rangi. Alipelekwa hospitali London, na madaktari walifikiria kuikata. Kwa bahati ilipona, na mwaka 1945 akarudi nyumbani kwa Roz. Kwa maisha yake yote alisimulia habari za vita mezani, wakati wa chakula, na usiku mwingine aliamka kwa ndoto mbaya. Mtu anayeangalia michoro yake ya mapigano anaona uzito wa ngumi na vumbi la majengo yanayoanguka. Aliyechora alikuwa amevishuhudia.

Baada ya vita, Simon na Kirby walianzisha aina mpya ya jarida, katuni za mapenzi kwa wasomaji wakubwa, na ziliuzwa sana. Lakini miaka ya 1950 mambo yaliharibika. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili alichapisha kitabu akidai kwamba katuni zinaharibu watoto. Bunge la Seneti likafanya vikao kuhusu suala hilo, wachapishaji wakaogopa na kujiwekea sheria kali. Kampuni nyingi zilifungwa na wachoraji wakakosa kazi. Ushirika wa Simon na Kirby ukavunjika. Kirby, baba wa watoto watatu, alibaki akihangaika kutoka ofisi hadi ofisi akitafuta kurasa za kuchora.

Wanne wanaogombana

Alirudi kwa Martin Goodman, mchapishaji yuleyule aliyegombana naye zamani. Mhariri wa pale sasa alikuwa Stan Lee, ambaye Kirby alimfahamu tangu akiwa kijana wa kutumwa ofisini wakati wa Captain America. Kampuni ilikuwa ndogo na hali yake ilikuwa mbaya.

Mwaka 1961 washindani wao walikuwa wanauza vizuri jarida la kundi la mashujaa. Goodman akataka kundi lake. Lee na Kirby wakatoa Fantastic Four, yaani Wanne wa Ajabu, kwa bei ya senti 10. Hadithi ni hii: watu wanne wanapanda roketi, wanapigwa na miale ya angani, na wanarudi wakiwa wamebadilika. Mwanasayansi Reed anaweza kunyoosha mwili wake kama mpira. Mchumba wake Sue anaweza kutoonekana. Mdogo wake Sue, Johnny, anawaka moto na kuruka. Na rubani, Ben Grimm, amegeuka jitu la mawe la rangi ya chungwa.

Kulikuwa na jipya gani hapo? Mashujaa wa zamani walikuwa wakamilifu. Walipendana, walivaa vizuri, walishinda, hadithi ikaisha. Hawa wanne waligombana tangu kurasa za kwanza. Ben alimlaumu Reed kwa yaliyompata, na alikuwa na haki. Johnny aliwaka hasira na kuondoka nyumbani. Hawakuficha majina yao. Katika toleo la tisa, la mwaka 1962, Reed anapoteza fedha zao zote kwenye soko la hisa na kundi zima linakosa hela ya kulipa madeni. Hebu fikiria: watu wanaoweza kuinua gari kwa mkono mmoja, lakini wanadaiwa.

Ben Grimm ndiye aliyefanana zaidi na mchoraji wake. Alitoka mtaa wa maskini uliochorwa kama ule wa Lower East Side, alikuwa mwepesi wa ngumi na mlaini wa moyo. Marafiki wa Kirby waliona jambo hilo mapema, na mwenyewe hakulikana.

Jinsi msomaji alivyonaswa

Msomaji wa kawaida wa wakati huo alinunua toleo la kwanza kwa sababu ya jitu la mawe kwenye jalada. Alitaka mapigano. Akalipata alilotaka, lakini toleo la pili alilinunua kwa sababu nyingine: alitaka kujua kama Ben amemsamehe Reed. Kufikia toleo la kumi alikuwa anawafahamu kama majirani. Alijua nani atakasirika kwanza na nani atafanya utani ili kuficha uchungu.

Hadithi ziliendelea kutoka mwezi hadi mwezi, kama mchezo wa redio. Shujaa wa jarida moja alionekana kwenye jarida lingine, kwa hiyo msomaji aliyependa moja alijikuta anatafuta yote. Kulikuwa pia na kurasa za barua. Mtoto wa kijijini katika jimbo la mbali aliandika, barua yake ikachapishwa, na akagundua kwamba hayuko peke yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, hata wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wanazisoma na kuzijadili.

Mwaka 1963 yalitoka makundi mengine mawili. La kwanza ni Avengers, yaani Walipiza Kisasi, lililokusanya mashujaa waliokuwa na majarida yao: Iron Man, Thor, Hulk, Ant-Man na Wasp. Hulk aliondoka kwenye kundi mapema kabisa, kwa sababu aliona wenzake hawamwamini. Katika toleo la nne walimkuta Captain America amelala ndani ya barafu tangu wakati wa vita, na Kirby akamchora tena kijana aliyemwanzisha na mwenzake zaidi ya miaka 20 kabla. La pili ni X-Men, vijana watano waliozaliwa na uwezo wa ajabu, wakiishi kwenye shule ya mwalimu mmoja mlemavu. Watu wanaowaokoa ndio hao hao wanaowaogopa na kuwachukia. Msomaji yeyote aliyewahi kubaguliwa alielewa mara moja.

Mwaka 1966 Kirby na Lee walileta mhusika anayetuhusu zaidi. Katika toleo la 52 la Fantastic Four, wale wanne wanaalikwa Afrika, kwenye nchi ya kubuni inayoitwa Wakanda. Wanategemea kuona vijiji na msitu. Wanakuta chini ya msitu huo kuna mitambo inayowashinda maarifa, na mfalme kijana, T'Challa, anayewazidi ujanja mmoja baada ya mwingine. Huyo ndiye Black Panther, shujaa wa kwanza mweusi katika majarida makubwa ya mashujaa ya Marekani. Wakati huo Wamarekani weusi walikuwa bado wanadai haki zao mitaani. Kirby alieleza baadaye kwamba alitambua ana wasomaji weusi lakini hana mashujaa weusi, na akaona hilo si sawa.

Miaka tisa baadaye, wachoraji na waandishi wengine walipofufua X-Men, walimwongeza Storm, mwanamke anayetawala mvua na radi, ambaye kwenye hadithi mama yake ni Mkenya. Mlango ulikuwa umefunguliwa na yule mfalme wa Wakanda.

Nani alifanya nini?

Sasa tunafika kwenye jambo lililomuumiza Kirby hadi kaburini.

Kazi ilifanyika hivi. Lee na Kirby walizungumza kwa muda mfupi kuhusu hadithi, pengine kwa simu. Kirby alirudi chumba cha chini cha nyumba yake, chumba kidogo kisicho na dirisha la maana, ambacho familia ilikiita gereza la chini ya ardhi. Huko alichora hadithi nzima: nani anaingia, nani anapigwa, nini kinatokea mwisho. Pembeni mwa ukurasa aliandika maelezo ya kinachoendelea. Ndipo kurasa zilirudi kwa Lee, ambaye aliandika maneno ya wahusika. Safari moja Lee alipokea kurasa za hadithi kuhusu Galactus, jitu linalokula sayari, akamkuta mhusika ambaye hawakumzungumzia kabisa: mtu mwenye mwili wa fedha, amesimama juu ya ubao unaoruka angani. Kirby aliona kwamba jitu kama lile lazima liwe na mjumbe. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Silver Surfer.

Tuwe waadilifu. Maneno ya Lee yalikuwa na ucheshi na huruma, na ndiye aliyewazoesha wasomaji kujua majina ya wachoraji, jambo ambalo wahariri wengi hawakulifanya. Wataalamu wa katuni wanabishana hadi leo kuhusu nani alianzisha lipi. Lakini kuhusu malipo hakuna ubishi mkubwa. Kirby hakuwa mwajiriwa. Alilipwa kwa ukurasa, kama kibarua anayelipwa kwa debe la kahawa aliyochuma. Akiugua, hakuna malipo. Mhusika akiwa maarufu na kuchapishwa kwenye fulana na kuonyeshwa kwenye televisheni, mchoraji hapati kitu.

Mwezi Januari 1966, gazeti moja kubwa la New York lilichapisha makala kuhusu kampuni hiyo, ambayo sasa iliitwa Marvel. Mwandishi alimsifu Lee kama mtu mwenye akili ya pekee. Kirby alielezwa kama mtu ambaye ungemdhania ni msimamizi msaidizi wa kiwanda cha nguo za ndani. Kwa mtoto wa fundi wa kiwanda cha nguo, aliyeikimbia kazi ya kiwanda maisha yake yote, maneno hayo yalichoma. Roz alimpigia Lee simu kwa hasira.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kirby alikuwa amechora harusi ya Reed na Sue. Mashujaa wote wamealikwa. Kwenye picha za mwisho, kwa utani, Lee na Kirby wenyewe wanafika mlangoni na kufukuzwa, kwa kuwa majina yao hayamo kwenye orodha ya wageni. Wasomaji walicheka. Lakini ukijua yaliyofuata, utani ule unageuka kuwa mchungu.

Kuondoka

Kirby alichora matoleo 102 ya Fantastic Four mfululizo, bila kuruka hata moja. Mwaka 1969 familia ilihamia California kwa ajili ya afya ya binti yao aliyekuwa na pumu. Kampuni ilikuwa imeuzwa kwa wamiliki wapya. Kirby aliomba mkataba unaomlinda yeye na familia yake, akapewa masharti ambayo hakuyakubali. Mwaka 1970 aliondoka, akaenda DC.

Huko alipewa nafasi ya kuandika na kuchora mwenyewe. Alitunga hadithi kubwa iliyosambaa kwenye majarida kadhaa kwa pamoja, kuhusu miungu wapya wa sayari mbili. Mwovu wake, Darkseid, anatafuta njia ya kutawala nia ya kila kiumbe, ili asibaki mtu wa kusema hapana. Miongoni mwa wanaompinga ni kundi lingine la vijana, Forever People. Lakini mauzo hayakuwaridhisha wakubwa, na kufikia 1972 majarida mawili makuu ya hadithi hiyo yalisimamishwa kabla ya kufika mwisho. Kirby alirudi Marvel kwa miaka michache, na mwaka 1977 alimchora tena Black Panther, safari hii katika jarida lake mwenyewe. Kisha akahamia studio za katuni za televisheni. Huko, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alipata kwa mara ya kwanza mshahara mzuri na bima ya afya.

Kundi linamrudia

Miaka ya 1980 kulitokea ugomvi mwingine. Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa halisi walizochora kwa mikono yao. Kurasa hizo ni mali, kwani wakusanyaji huzinunua kwa bei kubwa. Wachoraji wengine walitakiwa kusaini karatasi fupi. Kirby aliletewa hati ndefu ya peke yake, yenye masharti makali, na kwa kubadilishana angepewa kurasa 88 tu. Alikuwa amewachorea maelfu.

Alikataa kusaini. Alikuwa mzee, hakuwa na nguvu ya kupambana na kampuni kubwa. Lakini watoto waliokua wakisoma majarida yake sasa walikuwa watu wazima, na wengi wao walikuwa wachoraji na waandishi. Zaidi ya mia moja kati yao walisaini ombi la pamoja wakitaka arudishiwe kazi yake. Waliandika makala, wakazungumza kwenye mikutano ya wapenzi wa katuni. Baadhi yao walikuwa bado wanategemea kampuni hiyohiyo kwa riziki, na walisaini hata hivyo. Mwaka 1987 Kirby alirudishiwa kurasa 2,000 hivi. Hazikuwa hata robo ya alizochora, lakini bila wale wengine asingepata hizo.

Nyumbani alibaki kuwa mtu mkarimu. Vijana wasiojulikana walipiga hodi na Roz akawakaribisha kwa chakula. Gari aliendesha Roz, kwa sababu mumewe akishika usukani mawazo yalihamia kwenye sayari nyingine na gari likahama barabara.

Jack Kirby alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 6 Februari 1994, nyumbani kwake Thousand Oaks, California, akiwa na umri wa miaka 76. Roz alimfuata mwaka 1997. Wakati Kirby anakufa, hakuna filamu kubwa yenye mafanikio iliyokuwa imetengenezwa kutokana na makundi yake.

Mwaka 2009 kampuni ya Disney iliinunua Marvel kwa dola zipatazo bilioni 4. Mwaka huohuo watoto wa Kirby walianza hatua za kisheria kudai haki za wahusika aliowabuni baba yao. Walishindwa mahakamani, wakakata rufaa, wakashindwa tena. Walipeleka ombi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwezi Septemba 2014, siku chache kabla majaji hawajaamua kama wataisikiliza kesi, pande mbili zilipatana nje ya mahakama. Masharti ya mapatano hayakutangazwa. Lakini tangu hapo jina la Jack Kirby limekuwa likionekana kwenye majarida na filamu kama mmoja wa wabunifu.

Mtu huyu alichora maisha yake yote jambo alilojifunza akiwa mtoto mtaani: kundi si watu wasiogombana. Ni watu wanaogombana na bado mmoja akianguka wengine wanamwinua. Wasomaji waliopenda hadithi zake walipoona yeye ameanguka, walifanya kama walivyosoma.

Kwenye vibanda vingi vya video, filamu ikiisha mwenye kibanda huzima mara moja ili aweke nyingine. Safari ijayo, mwombe asubiri kidogo. Majina yakianza kupanda kwenye kioo, angalia kwa makini. Utamkuta Kirby hapo.